The Hobbit: naandika nilivyohisi ama kilichotokea? Lekchara amenirudishia jarida

binti_wa_umoja:

Habari za jioni wasomaji. Naomba msaada na tafadhali msiniambie nikatafute muhtasari kwa intaneti juu hiyo ndio shida yenyewe. Niko chuo mwaka wa kwanza, nasomea ualimu, na kuna somo la fasihi ya watoto ambalo tumepewa The Hobbit ya Tolkien. Tunasoma huku tukiandika jarida, kila chapta uandike ilivyokugusa wewe. Mimi nikasoma chapta za kwanza, nikaandika vizuri kabisa nani alienda wapi na nani alisema nini, nikapeleka. Ikarudi na wino mwekundu pembeni: "Hiki kitabu ninacho. Wewe ulikuwa wapi?" Maksi siandiki hapa, kuna watu wa kwetu wanapita hii mitaa.

Sasa nikijaribu kuandika nilivyohisi natoka na "chapta hii ilinifurahisha sana" halafu kalamu inakwama. Kitabu nilinunua kwa wale wa mitumba kule Tom Mboya, ndani kina jina la mtoto mwingine na amepigia mistari sehemu zake, naona hata huyo mtoto alikuwa na maoni kuniliko. Kitabu nakipenda, lakini kuna vitu vinaniudhi na sijui kama mtu anaruhusiwa kuandika hivyo kwa kazi ya chuo.

Wacha niwape venye naona mpaka hapa nimefika, chapta ya tisa kati ya 19. Ile ya kwanza Bilbo, yule hobbit (kiumbe mdogo kama mtu), amekaa kwake ametulia, mara mlango unagongwa, mbilikimo mmoja, mara mwingine, mpaka wanafika 13 na Gandalf yule mchawi juu yake, wanamaliza keki, huyu anataka kahawa, yule anataka mayai, na hakuna mtu ameuliza mwenye nyumba kama yeye amekula. Nilishikwa na hasira. Halafu usiku huo huo wanaanza kumwambia habari ya mlima na joka na dhahabu ya babu zao kama vile alikuwa ameomba kazi. Ya pili nilicheka, wale mazimwi watatu wanabishana venye watapika mbilikimo mpaka jua linawakuta na kuwageuza mawe. Ya tatu sikuhisi kitu, wanapumzika kwa Elrond, ramani inasomwa kwa mwanga wa mwezi, basi, sasa hapo naandika nini? Ya tano ndio niliisoma kwa matatu nikapitisha steji, konda akaniuliza kama nimehamia kwa gari.

Lakini ya nane ndio inanisumbua mpaka saa hii. Gandalf amewaacha mdomoni mwa msitu wa Mirkwood akaenda na shughuli zake. Bombur ameanguka kwa ule mto wa uchawi amelala fofofo wanambeba. Chakula karibu kimeisha. Bilbo anaambiwa apande mti aangalie kama msitu unaisha, anapanda, anaona jua na vipepeo weusi na upepo mzuri, lakini mwisho wa msitu hauonekani. Anashuka anawaambia ukweli, na wanamkasirikia YEYE. Kwani yeye ndiye alipanda hiyo miti??

Na kitu cha mwisho, hakuna mwanamke. Tangu ukurasa wa kwanza mpaka hapa hakuna hata mmoja amefungua mdomo. Anatajwa mamake Bilbo, Belladonna Took, basi. Naweza andika hiyo ama itaonekana naleta siasa?

mkaaji_rongai:

Dada, si umeandika jarida tayari, liko hapo juu. "Kwani yeye ndiye alipanda hiyo miti" ndio lekchara anatafuta. Ongeza tu kwa nini ilikuuma wewe, halafu upeleke.

Mimi hiyo chapta ya kwanza niliisoma nikiwa natafuta kazi na nilichukia wale mbilikimo kukuliko. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ndio walimpa mwenyeji jembe, tena usiku wa kwanza. Na umeona ile barua wanamwachia asubuhi, mwanzo wa chapta ya pili? Malipo ni sehemu moja ya 14 ya faida, KAMA ITAKUWEPO, na gharama za mazishi watagharamia wao ikibidi. Hakuna mkutano, hakuna kuuliza swali, na anaambiwa wanamngoja saa tano kamili. Anatoka mbio bila kofia, bila fimbo, bila hata leso. Mimi nilisoma hiyo barua nikacheka peke yangu halafu nikanyamaza, juu nishawahi kupewa karatasi ya kazi inafanana hivyo na nikasaini. Sasa hiyo ingekuwa jarida langu ukurasa mzima, na sijasimulia chochote kuhusu joka.

Ya wanawake andika. Siasa ni gani? Umesoma, umeona pengo, umesema. Lakini usiishie "hakuna mwanamke" kama mtu anahesabu viti. Sema wewe kama msichana ulisoma hiyo safari ukiwa nani, ulijiweka kwa nani. Mimi mwanaume nilijiweka kwa Bilbo bila kufikiria. Wewe uliweza?

binti_wa_umoja:

Nilijiweka kwa Bilbo pia, ndio ajabu. Juu ni mtu wa jikoni, anawaza chai yake na vyombo vyake, anaogopa, na kila mtu anaongea juu ya kichwa chake. Wale wengine wote ni sauti kubwa tu. Sikuwa nimefikiria hivyo mpaka umeniuliza, wacha niandike kabla sijasahau.

kaka_deno:

Mnamlisha huyu dem kazi rahisi. Mimi naona anawaonea mbilikimo. Hawa watu wamefukuzwa kwao na Smaug, lile joka, wameishi wakizurura na kufanya vibarua vya chuma na makaa ya mawe, wamechoka, wana njaa, giza la Mirkwood usiku ni la kutoona hata mkono wako. Sasa mtu anatoka juu ya mti na uso umechangamka ametoka kuota jua huko, anawaambia hakuna mwisho. Mimi pia ningemfokea. Na angeangalia vizuri angejua walikuwa karibu kumaliza, kitabu kinasema wazi walikuwa chini ya bonde ndio maana hakuona ukingo. Pole lakini Bilbo aliangalia vibaya.

Na pia subiri ufike chapta ya 14 uone joka linauliwa na mtu hata hajatajwa vizuri, anaitwa Bard, mshale mmoja mweusi kwisha. Bilbo hata hayuko hapo. Hapo ndio utajua kukasirika.

mkaaji_rongai:

Deno amesema yuko chapta ya TISA. Tisa. Soma swali kabla hujajibu, nkt.

kaka_deno:

Kitabu ni cha 1937 buda. Baada ya hii miaka yote bado ni siri?

binti_wa_umoja:

Mimi sikujua 😩😩 nilikuwa nangoja Bilbo amuue. Sasa nitasoma hizo chapta nikijua.

guka_wa_vitabu:

Binti, usiumie sana kwa hilo. Kitabu kizuri hakiharibiki ukijua nani anakufa, na wewe unasomea ualimu, utakifundisha kitabu hicho hicho kwa miaka mingi huku ukijua kila kitu. Na hasira uliyonayo sasa hivi kwa sababu ya Bard, iandike ikiwa moto. Halafu ukifika huko uone kama bado unayo.

Nimeona ya tano umeipita mbio, umetuambia habari ya konda tu. Hiyo ndiyo chapta yako wewe kuliko yule mtoto wa Uingereza anayeisoma, nami nitakuambia kwa nini. Umekulia wapi sijui, lakini shule ya msingi lazima uliketi darasani mkaambiwa "Kitendawili!" mkajibu "Tega!" Sasa tazama Bilbo na Gollum, yule kiumbe wa pangoni, wamekaa gizani kando ya maji chini ya mlima, na Bilbo anatega kile cha sanduku lisilo na bawaba wala ufunguo wala kifuniko, na ndani yake kuna hazina ya dhahabu. Gollum anahangaika, anafikiri, mpaka anakumbuka zamani akiiba viota na kumfundisha nyanya yake kunyonya mayai. Wewe ulipofika hapo ulihangaika? Maana mtoto yeyote wa hapa anajua "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. Mimi nilijibu kabla Gollum hajafungua kinywa na nikajiona nimemshinda, mtu mzima na mvi zangu.

Halafu utaratibu wenyewe. Kwetu ukishindwa unaombwa mji, unatoa Mombasa ama Kisumu, mtegaji anauzunguka mji wako akijisifu weee halafu ndipo anakupa jibu. Wale wawili mji wao ni mwili wa Bilbo. Akishindwa analiwa, akishinda anaonyeshwa njia ya kutoka. Na anashinda vipi? Kile cha wakati, kile kinachokula kila kitu mpaka miti na chuma na wafalme, hakujua jibu. Alitaka kuomba aongezewe muda, ulimi ukashindwa kumaliza, akatoa neno "wakati! wakati!" na kumbe ndilo jibu. Na cha mwisho si kitendawili kabisa. "Nina nini mfukoni?" (ni pete ya Gollum, Bilbo aliiokota gizani, ukiivaa huonekani). Pale kwetu wazee wangemzomea, kitendawili lazima kiweze kuteguliwa na mtu mwenye akili kwa kufikiri, si kwa kupekua nguo za mwenzake. Hata Gollum alilalamika, ndipo akapewa nafasi tatu, akabahatisha mikono, kisu, na ya tatu akachomeka majibu mawili, uzi ama hakuna kitu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili, na hilo ni jarida zima: alishinda kwa haki ama hakushinda? Na kama hakushinda, kwa nini ulikuwa unamshangilia mpaka ukapitisha steji?

Jambo jingine dogo kwa faida yako, usiliweke kwenye jarida ila ukiulizwa. Chapta hiyo si ile iliyotoka 1937. Katika chapa ya kwanza Gollum alikuwa ameahidi zawadi, yaani pete yenyewe, akaitafuta akaikosa, akaomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia kwa amani. Tolkien aliibadilisha ikatoka upya mwaka 1951 kwa sababu alikuwa anaandika kile kitabu kikubwa kinachofuata, The Lord of the Rings, na pete ikawa jambo zito. Ndiyo maana ukiisoma unahisi uzito fulani ambao chapta za jirani hazina. Pale Bilbo yuko na upanga, haonekani, Gollum amekaa njiani amezuia mlango, na angeweza kumuua. Anamhurumia, anaruka juu yake gizani. Hilo halikuwepo mwanzo.

binti_wa_umoja:

Guka asante sana, hii sikuwahi kuisikia. La yai nilijibu mara moja hata mimi!! na ile ya samaki pia. Lakini ile ya upepo sikupata. Na kuhusu haki, mimi naona hakushinda. Nilimshangilia juu nilikuwa namwogopa Gollum. Halafu alipokaa pale njiani analia nikaanza kumhurumia Gollum, nikachanganyikiwa nani niko upande wake. Hiyo naweza andika hivyo hivyo, kwamba nilichanganyikiwa?

mwl_pembeni:

Ndiyo, andika hivyo hivyo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasahihisha majarida ya aina hii, na nikuambie kinachonichosha si makosa ya sarufi. Kinachonichosha ni madaftari arobaini yote yanasema "mwandishi ametumia taswira vizuri, nilisisimka". Mtoto mmoja akiniambia "hapa nilifunga kitabu kwa sababu nilimkasirikia Thorin, kiongozi wa mbilikimo" naketi vizuri kwa kiti.

Usijilazimishe kuzipa chapta zote urefu mmoja. Ya tatu hukuhisi kitu, sema sentensi mbili uende zako. Msimulizi mwenyewe anakuambia hapo hapo kwa Elrond kwamba siku nzuri husimuliwa haraka na hazina mengi ya kusikiliza, ila mambo ya kutisha ndiyo hutoa hadithi ndefu. Amekupa ruhusa mwenyewe! Sasa wewe unajaza ukurasa kwa nini?

Jingine ni mahali. Ukisema "mbilikimo hawana shukrani" mimi nitakuuliza wapi. Nionyeshe ni pale aliposhuka kwa mti, walisema nini, na kitu gani kwako kiliitika. Mstari mmoja wa kitabu unatosha, usininakilie aya.

Na hapo kwa Guka nakubaliana naye, habari za mwandishi zikae nje. Kuna mwanafunzi aliwahi kunijazia ukurasa kwamba Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na alipigana vita vya Somme mwaka 1916. Kweli tupu, lakini sikujua huyo mwanafunzi alihisi nini hata kidogo. Ukitaka hadithi moja tu ya nje, chukua hii: kabla kitabu kuchapishwa, mchapishaji Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner asome, mtoto wa miaka 10, kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto akaandika maoni yake kwa karatasi, kwamba ni kizuri na kitawafaa watoto wa miaka mitano hadi tisa. Kwa hiyo kitabu chenyewe kilipita kwa mlango wa kazi kama hii yako, na huyo alilipwa.

kaka_deno:

Mwalimu lakini si ni kweli pia Rayner alisimulia hadithi kwanza? Hiyo karatasi yake ni muhtasari karibu yote.

mwl_pembeni:

Alikuwa na miaka 10 Deno.

binti_wa_umoja:

😂😂 Sawa nimekaa nimeandika ya nane upya, naweka hapa kwa Kiswahili halafu nitaigeuza ya Kiingereza. Semeni ukweli:

"Bilbo anaposhuka kutoka juu ya mti wenzake wanalia ni faida gani kumtuma hobbit. Niliacha kusoma hapo. Kwetu mimi ndiye hutumwa, kwa sababu ni wa kwanza kuzaliwa, na nimeshatumwa kwenda kuuliza mambo ambayo kila mtu nyumbani alijua jibu lake ni hapana. Nimetumwa kwa mwenye nyumba kuomba wiki moja zaidi. Nikarudi na hapana, na nikafokewa kana kwamba mimi ndiye niliyesema hapana. Kwa hiyo vipepeo weusi na jua la pale juu sikuvifurahia kama watu wengine darasani, nilikuwa najua anashuka kwenda kupata nini. Baadaye akiwa peke yake gizani anaua buibui mkubwa kwa upanga wake, hakuna Gandalf, hakuna Thorin, hakuna mtu wa kumwona, na anaupa upanga jina, Sting. Nilipenda kwamba hakuna mtu alikuwa hapo. Akawaimbia buibui matusi mpaka wakamfuata yeye wakawaacha wale 12 wananing'inia kwenye mti. Nilicheka lakini pia nilitaka awaache waning'inie kidogo."

mkaaji_rongai:

Hiyo sentensi ya mwisho wueh. Usiitoe hata lekchara akikuambia.

kaka_deno:

Sawa hapo nimenyamaza. Lakini walimshukuru, usiseme hawakushukuru. Wako wengine walisimama wakainama mpaka chini wakaanguka kwa udhaifu wakashindwa kuinuka kwa muda. Iko hapo hapo, mwisho wa chapta. Kuwa wa haki.

guka_wa_vitabu:

Deno umesema kweli, iko. Ila isome aya nzima tangu mwanzo, uone kabla ya kuinama wanataka nini kwake.

binti_wa_umoja:

Nimeenda nimesoma. Wanamngoja yeye awatolee mpango wa ajabu wa kuwasaidia, halafu wanamshukuru, wanainama, wanaanguka. Hakuna hata aliyemuuliza kama ameumia. Naongeza hiyo. Na Thorin hayupo na hakuna mtu alikuwa amegundua mpaka wakati huo?? Kiongozi wao! Wacha nirudi kwa ya tisa, nimesikia kuna mapipa, na naona hapa wote wanafungiwa ndani ya mapipa isipokuwa yeye, hakuna wa kumfungia la kwake.